Namna ya Kusoma Jina la Simu Janja na Kukadiria Itadumu kwa Muda Gani

Jina la simu janja hutungwa na watu wa mauzo, ilhali uhai wake huamuliwa na mambo mengine kabisa: siku ilipoingia sokoni, ahadi ya masasisho iliyotolewa siku hiyo, hali ya betri na upatikanaji wa vipuri. Ndiyo maana mnunuzi anayelinganisha simu mbili kwa kutazama namba zilizoandikwa kwenye maboksi huishia mara nyingi kulinganisha vitu visivyolingana. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kulivunja jina katika sehemu zake, jinsi ya kulipata jina la pili la simu ambalo halitangazwi, na jinsi ya kuhesabu miaka iliyobaki kabla ya kutoa fedha.

Kulivunja jina

Majina mengi yana sehemu nne, ambazo ni chapa, familia, namba na mkia. Katika Samsung Galaxy A16 5G, chapa ni Samsung, familia ni Galaxy A, namba ni 16, na mkia ni 5G. Chapa inakuambia ni nani atakayewajibika kwa masasisho na waranti. Familia inakuambia simu ililengwa tabaka gani la bei, na kwa kweli hiyo ndiyo sehemu ya jina inayosema ukweli kuliko nyingine zote. Samsung huweka simu zake za juu katika familia ya Galaxy S na zile za kati na za chini katika Galaxy A. Kwa upande wa Tecno, familia ya Pop huwa chini, ikifuatwa na Spark, kisha Camon, na Phantom huwa juu; Infinix nayo hupanda kutoka Smart hadi Hot, Note na Zero. Google huongeza herufi ndogo "a" baada ya namba kuonyesha simu ya bei nafuu zaidi ya kizazi hicho, na kwa kawaida simu hiyo hubeba chipu (yaani kichakataji kinachoiendesha simu) ileile ya ndugu yake mkubwa, jambo linaloifanya iwe na maisha marefu kuliko bei yake inavyodokeza.

Namba ndiyo inayopotosha zaidi, kwa sababu mnunuzi huichukulia kama umri. Katika familia ya Galaxy A, tarakimu ya kwanza ni daraja na ya pili ni kizazi, kwa hiyo A16 na A56 ni za kizazi kimoja katika madaraja mawili tofauti. Galaxy A35 ilitangazwa Machi 2024, miezi kadhaa kabla ya A16 iliyotangazwa Oktoba mwaka huohuo. Anayedhani 35 ni mpya kuliko 16 ameisoma ngazi kana kwamba ni kalenda. Kampuni nazo huruka namba zinapopenda. Samsung ilitoka Galaxy S10 ya mwaka 2019 moja kwa moja hadi S20 ya mwaka 2020, na Xiaomi iliruka kutoka 15 hadi 17 mwaka 2025. Hakuna vizazi vilivyopotea hapo katikati, ni namba tu zilizorukwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Apple. Mwezi Septemba 2017 kampuni hiyo ilitangaza iPhone 8 na iPhone X katika hafla moja, bila kuwahi kutoa iPhone 9. Kwa jina, X ilionekana kuwa vizazi viwili mbele. Kwa ndani, zote mbili zilibeba chipu ya A11, na iOS 17 ilipotoka mwaka 2023 zote mbili ziliachwa nyuma kwa pamoja, zikiishia iOS 16. Aliyelipa zaidi alipata kioo bora na kamera bora, lakini hakupata hata mwaka mmoja wa ziada wa matoleo mapya ya mfumo. Kinyume chake, iPhone SE ya mwaka 2016 ilikuwa na umbo la iPhone 5s iliyokwishazeeka, lakini kwa kuwa ndani yake mlikuwa na chipu ya iPhone 6s, iliendelea kupokea matoleo mapya hadi iOS 15, sawasawa na 6s. Kanuni ya kuondoka nayo hapa ni kwamba chipu hutabiri mwisho wa simu vizuri kuliko namba.

Mikia ya majina, yaani Pro, Plus, Max, Ultra, Lite, FE na wenzake, haina kiwango chochote kilichokubaliwa baina ya kampuni. Plus kwa kawaida humaanisha kioo kikubwa, na Ultra humaanisha kamera na bei ya juu kabisa. Pro siku hizi huwekwa hata kwenye simu ambazo hazina chochote cha kitaalamu, na mimi nisingeipa uzito wowote. Mkia unaostahili kuchunguzwa kwa makini ni ule unaoonekana hauna hatari, yaani 4G na 5G. Redmi Note 12 ya 4G, ya kampuni ya Xiaomi, hutumia chipu ya Snapdragon 685, na ile ya 5G hutumia Snapdragon 4 Gen 1. Jina ni moja, simu ni mbili. Galaxy A15 vilevile ina chipu mbili tofauti kulingana na mtandao. Kwa hiyo unaposoma sifa za simu fulani mtandaoni, hakikisha kwanza kwamba zinahusu toleo lenye mkia uleule ulio mkononi mwako.

Tatizo hili lina sura ya pili: simu moja yenye majina mengi. Simu iliyouzwa kama Redmi K20 katika baadhi ya nchi iliuzwa kwingine kama Mi 9T, na Redmi K40 ilivuka mipaka ikaitwa Poco F3. Ukikuta majina mawili kama hayo kwa bei mbili tofauti, unacholipia zaidi huenda kikawa jina tu.

Jina ambalo halitangazwi

Kila simu ina namba ya modeli, na hiyo ndiyo anayoitumia fundi anapoagiza kioo, na ndiyo inayotumika kampuni inapopanga masasisho. Fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, na utaiona. Samsung huandika SM ikifuatwa na herufi na tarakimu, kama SM-S921B ya Galaxy S24. Herufi ya mwisho huonyesha soko: B kwa masoko mengi ya kimataifa na U kwa Marekani. Tofauti hiyo si ya karatasi tu, kwa sababu S24 ya soko la Marekani ina chipu ya Snapdragon na ile ya masoko mengine mengi ina Exynos. Kwenye iPhone, gusa namba ya modeli iliyoandikwa hapo na itabadilika kuwa herufi A yenye tarakimu nne.

Andika namba hiyo mahali. Linganisha iliyo ndani ya simu na iliyo kwenye boksi. Kisha piga *#06# ili uone IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, nayo pia uilinganishe na ya boksi. Zikitofautiana, boksi si la simu hiyo, na kuendelea na biashara hapo ni kukubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Namba ya modeli husaidia hasa pale ambapo jina la biashara limerudiwa: Apple imewahi kuuza simu tatu tofauti kwa jina moja la iPhone SE, za miaka ya 2016, 2020 na 2022, na muuzaji anayesema tu "SE" anaweza kuwa anazungumzia yoyote kati yake bila kusema uongo.

Ukiwa hapo kwenye Kuhusu simu, tazama pia kumbukumbu ya RAM. Baadhi ya watengenezaji huandika kwenye boksi jumla inayochanganya RAM halisi na sehemu ya hifadhi iliyoazimwa, hivi kwamba simu ya GB 8 huitwa ya GB 16. Sehemu ya kuazima ni ya polepole mno na haiongezi miaka kama RAM halisi inavyoongeza. Ukiona alama ya kujumlisha kati ya namba mbili, hesabu ile ya kwanza tu.

Kuhesabu miaka iliyobaki

Hesabu yenyewe ni fupi. Tafuta tarehe ambayo modeli ilianza kuuzwa duniani, ongeza miaka ya masasisho ya usalama ambayo mtengenezaji aliahidi kwa modeli hiyo, kisha toa tarehe ya leo. Wanunuzi wengi hukosea kwa kuanza kuhesabu siku walipoitoa simu dukani. Ahadi za kampuni nyingi huanza siku modeli ilipozinduliwa, kwa hiyo simu mpya kabisa, ikiwa bado imefungwa kwenye nailoni yake, inaweza kuwa imekwishapoteza nusu ya maisha yake ikiwa rafuni.

Chukua Galaxy A15 na Galaxy A16, simu mbili zinazotofautiana kwa tarakimu moja na ambazo zinaweza kukutwa zimepangwa sambamba. A15 ilitangazwa Desemba 2023 ikiahidiwa matoleo manne mapya ya Android na miaka 5 ya masasisho ya usalama. A16 ilitangazwa Oktoba 2024 ikiahidiwa matoleo sita na miaka 6. Kwa hiyo A15 inafika ukingoni mwishoni mwa 2028 na A16 mwishoni mwa 2030. Kati ya kutangazwa kwa moja na nyingine haukupita hata mwaka mmoja, lakini mwisho wao umeachana kwa karibu miaka miwili. Kwa Google pengo ni kubwa zaidi: Pixel 7 ya Oktoba 2022 iliahidiwa masasisho ya usalama hadi Oktoba 2027, na Pixel 8, iliyotoka mwaka mmoja baadaye, iliahidiwa miaka 7, yaani hadi Oktoba 2030. Samsung ilifuata Januari 2024 kwa kuahidi miaka 7 kwa familia ya S24. Anayenunua simu iliyotumika ya kizazi kilichotangulia mabadiliko hayo anapaswa kudai punguzo kubwa kuliko lile la mwaka mmoja wa umri.

Tenganisha ahadi mbili ambazo matangazo hupenda kuziunganisha. Ya kwanza ni matoleo mapya ya mfumo endeshi, ambayo huleta sura mpya na uwezo mpya. Ya pili ni masasisho ya usalama, ambayo huziba mianya inayotumiwa na wadukuzi. Kwa muda wa kudumu, ya pili ndiyo yenye uzito. Mfumo wa miaka mitatu iliyopita unatumika vizuri tu, lakini simu isiyozibwa mianya si mahali pa kuweka programu ya benki. Usichanganye pia namba ya Android na namba ya sura ambayo kampuni huivika, kama One UI, HyperOS, HiOS au XOS, kwa sababu sura inaweza kupandishwa namba huku Android iliyo chini yake ikibaki ileile.

Mahali ambapo ahadi haipatikani kwa maandishi, chukulia kuwa ni fupi. Kuna njia nyepesi ya kuipima: fungua Mipangilio na usome tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa tarehe imepitwa na zaidi ya nusu mwaka, na simu inasema hakuna sasisho jipya, basi mtengenezaji ama ameshaiacha ama anaihudumia kwa kusuasua. Apple kwa muda mrefu haikuwa na desturi ya kutangaza idadi ya miaka, ila rekodi yake inajieleza: iPhone 5s ya mwaka 2013 ilipokea sasisho la usalama Januari 2023. Sheria nazo zimeanza kuwabana watengenezaji. Tangu Aprili 2024 Uingereza inawataka kutaja muda wa chini wa masasisho ya usalama, na katika Umoja wa Ulaya modeli zinazoingizwa sokoni tangu tarehe 20 Juni 2025 zinapaswa kupewa masasisho kwa angalau miaka 5 tangu siku mtengenezaji anapoacha kuziuza, wala si tangu siku ya uzinduzi. Kanuni hiyohiyo inadai vipuri muhimu vipatikane kwa miaka 7 baada ya mauzo kukoma. Hata ukiwa nje ya Ulaya, modeli ambayo imeuzwa huko chini ya kanuni hizo ni dau salama kuliko ambayo haikuwahi kufika huko, ingawa usisahau kulinganisha namba ya modeli.

Ukishapata miaka iliyobaki, gawanya bei kwa miaka hiyo. Simu inayouzwa kwa nusu ya bei ya nyingine huku ikiwa imebakiwa na theluthi ya miaka ya hiyo nyingine ndiyo iliyo ghali.

Sehemu zinazochakaa

Betri ndiyo itakayochoka kwanza. Betri za lithiamu huhesabiwa kwa mizunguko, na mzunguko mmoja ni matumizi ya jumla ya asilimia 100, hata yakikusanywa kwa siku mbili za asilimia 50 kila moja. Apple husema betri za iPhone 14 na zilizotangulia zimeundwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500, na zile za iPhone 15 baada ya mizunguko 1,000. Umoja wa Ulaya sasa unadai angalau 800. Mtu anayemaliza chaji kila siku huifikia mizunguko 500 kabla ya miezi 17, lakini yule anayefikisha 800 amepita miaka miwili. Tofauti kati ya betri mbili zenye ukubwa uleule wa mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri) inaweza kulala hapo, na haiandikwi kwa herufi kubwa.

Joto huiua betri haraka kuliko chaji yenyewe. Usicheze michezo mizito simu ikiwa kwenye chaja, usiiache juani ndani ya gari, na uvue kava nene ikiwa inachemka wakati wa kuchaji. Kama simu ina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, uwashe katika siku za kawaida na uuzime siku ya safari. Betri huzeeka pia ikiwa imekaa tu, kwa hiyo simu iliyokaa ghalani miaka miwili haina betri mpya hata kama lakiri ya boksi haijavunjwa. Kubadilisha betri kwa wakati ndiyo huduma moja inayorudisha maisha mengi kwa gharama ndogo. Mwaka 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizimike ghafla, na wamiliki waliobadilisha betri waliiona kasi yao ikirudi. Simu inayosuasua, basi, ikaguliwe betri kabla ya kuhukumiwa kuwa imezeeka.

Hifadhi huja baada ya betri. Hifadhi iliyojaa hadi ukingoni huandika polepole na huzuia masasisho kupakuliwa. Acha angalau sehemu moja ya kumi ikiwa wazi, na ukinunua leo kwa matumizi ya miaka mitano, chagua hifadhi kubwa kuliko unayoihitaji sasa, maana programu hukua uzito kila mwaka. Kuhusu maji, alama ya IP68, yaani ya kuzuia vumbi na maji, inahusu simu ikiwa bado mpya. Mipira inayozuia maji huchakaa, na simu iliyowahi kufunguliwa na fundi isichukuliwe tena kuwa inazuia maji.

Mtandao pia unaweza kuiacha simu. Mitandao mikubwa ya Marekani ilizima 3G katika mwaka 2022, na simu ambazo hazikuweza kupiga kupitia 4G zilipoteza uwezo wa kupiga simu ingawa zilikuwa nzima. Kabla ya kununua modeli ya zamani au ya soko jingine, hakikisha ina VoLTE, yaani uwezo wa kupiga simu kupitia 4G, inayokubaliwa na mtandao wako.

Chapa isiyokuwepo kesho

Jina lililoandikwa mgongoni mwa simu si lazima liwe la kampuni iliyoitengeneza, wala kampuni hiyo haina uhakika wa kuwepo mwisho wa ahadi yake. LG ilitangaza Aprili 2021 kuwa inaacha biashara ya simu. Honor iliuzwa na Huawei Novemba 2020. Jina la Nokia limekuwa likitumiwa kwa leseni na kampuni ya HMD, na la BlackBerry lilitumiwa na kampuni ya TCL kuanzia mwisho wa 2016 hadi 2020. Ahadi ya miaka 7 ina thamani ikitoka kwa kampuni yenye rekodi ya kutimiza. Fairphone ya Uholanzi, kwa mfano, iliihudumia Fairphone 2 ya mwaka 2015 hadi mwaka 2023, na ndiyo maana inaaminika inapoahidi miaka 8 kwa Fairphone 5. Kampuni inayoanza leo haina cha kuonyesha zaidi ya neno lake.

Simu iliyotumika

Kwa simu iliyotumika, fanya yote yaliyotangulia, kisha uombe muuzaji airudishe kwenye hali ya kiwandani mbele yako. Ikiwaka na kuomba akaunti ya Google au ya Apple ya mtu mwingine, irudishe, kwa kuwa hakuna hesabu ya miaka itakayokufaa. Kwenye iPhone soma afya ya betri katika Mipangilio. Kwenye iPhone 15 na zilizofuata utaona pia idadi ya mizunguko na tarehe ya matumizi ya kwanza. Laza simu juu ya meza iliyonyooka na uisukume kidogo pembeni. Ikiyumba, au kioo kikiwa kimeinuka upande mmoja, betri imevimba na simu hiyo isichajiwe tena mpaka itolewe betri na fundi.

Simu yako mwenyewe ikifika mwisho wa masasisho haitazima siku hiyo. WhatsApp, kwa mfano, iliendelea kuhudumia Android 4.4 ya mwaka 2013 hadi mwanzoni mwa 2025. Ondoa programu za benki na nywila zilizohifadhiwa, hamisha akaunti kuu ya barua pepe kwenda simu inayosasishwa, na iliyobaki itumike kwa muziki, picha, saa ya kuamsha au kama simu ya akiba ya kupigia.